Meli ya Liemba: Chombo cha Mkoloni Kilivyogeuka Mali ya Umma, na Kwa Nini Kisivunjwe Kuwa Chuma Chakavu

Utangulizi

Historia ya nchi yetu haikuandikwa katika vitabu peke yake. Imeandikwa pia katika reli, katika maboma, katika vinu vya pamba na katika meli. Kada anayesoma maazimio na hotuba tu, asijifunze kusoma vitu vilivyojengwa kwa jasho la watu, anajinyima nusu ya elimu yake ya siasa. Makala haya yanahusu kitu kimoja cha namna hiyo: meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 na kuzinduliwa Kigoma mwaka 1915.

Shabaha ya makala ni tatu. Kwanza, kueleza jinsi meli hiyo ilivyozaliwa ndani ya mfumo wa ubeberu na kwa kazi gani. Pili, kuonyesha jinsi kazi yake ilivyobadilika wenye mamlaka juu yake walipobadilika. Tatu, kuipima hoja inayorudi kila mara meli hii inaposimama, kwamba ni kongwe, haina faida, na bora ikatwe vipande iuzwe kwa uzito wa chuma.

Msomaji wa Tarime au Serengeti anaweza kuuliza: ziwa letu ni Viktoria, Kigoma ni mbali, jambo hili latuhusu nini? Latuhusu kwa sababu mbili. Ubeberu ulioingiza meli Ziwa Tanganyika ndio ulioingiza meli Ziwa Viktoria, na ndio ulioikata ardhi ya Mara kwa mpaka. Tena swali la chuma chakavu si la Kigoma peke yake. Sisi wa Mara tumekwisha kuliona likiulizwa, na mara nyingine likajibiwa kabla wananchi hawajashirikishwa.

Maziwa Kama Njia za Ubeberu

Mabeberu walipokutana Berlin mwaka 1884 na 1885 kuweka taratibu za kuligawana bara letu, walikuwa na ramani zenye mapengo mengi, lakini maziwa makubwa waliyajua. Kwao ziwa lilikuwa barabara isiyohitaji kujengwa. Mwenye meli ziwani aliweza kufikisha askari, kukusanya mazao na kuzuia wapinzani wake kwa gharama ndogo kuliko mwenye misafara ya wapagazi.

Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1886 uliweka mstari kutoka pwani hadi ukingo wa mashariki wa Ziwa Viktoria, kwenye nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Mkataba wa mwaka 1890 ukauendeleza mstari huo kuvuka ziwa. Wakurya hawakuulizwa. Ukoo mmoja ukajikuta una ndugu chini ya bendera mbili, na hadi leo mtu wa Sirari anavuka mpaka kwenda kumzika mjomba wake.

Baada ya mpaka zikaja njia za kusafirishia mali. Waingereza waliifikisha reli yao Kisumu mwaka 1901. Meli zikafuata: Winifred, Sybil, Clement Hill, na baadaye Usoga na Rusinga. Zote ziliundwa Uingereza, zikafunguliwa vipande, zikapakiwa melini hadi Mombasa, zikapelekwa kwa reli na kuunganishwa upya Kisumu. Pamba, ngozi na mazao mengine ya kandokando ya ziwa, pamoja na yale ya upande uliokuwa chini ya Wajerumani, yakaanza kufuata njia ya kwenda Mombasa.

Wajerumani waliona kwamba mali ya koloni lao inapitia mlango wa jirani. Jibu lao lilikuwa Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,200. Reli hiyo ikifika ziwani bila meli ingekuwa mkono usio na kiganja. Ndiyo maana mwaka 1913 kiwanda cha Meyer cha mjini Papenburg kiliagizwa kuunda meli kubwa ya mvuke kwa ajili ya Ziwa Tanganyika, yenye urefu wa kama mita 71 na upana wa kama mita 10.

Jina lake la kwanza lastahili kukumbukwa. Iliitwa Graf von Goetzen, kwa heshima ya Gustav Adolf von Götzen, aliyekuwa gavana wa koloni kuanzia mwaka 1901 hadi 1906. Huyo ndiye gavana wa wakati wa Vita vya Maji Maji. Chini ya utawala wake majeshi ya Kijerumani yalichoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula kusini mwa nchi, hata njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya wanahistoria yanafikia watu 300,000. Mwenye kutia sahihi amri hizo ndiye aliyepewa kumbukumbu ya chuma juu ya maji yetu.

Jasho la Nani?

Meli iliundwa Papenburg ikafunguliwa tena, vipande vyake vikafungwa katika makasha yapatayo 5,000. Makasha yalisafirishwa kutoka Hamburg hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo kwa reli hadi Kigoma. Pamoja nayo walikuja mafundi watatu wa kiwandani. Majina yao yanajulikana: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt.

Hapa mwanafunzi wa historia asimame kidogo. Makasha 5,000 hayakujishusha yenyewe bandarini, wala hayakujipakia kwenye mabehewa. Reli iliyoyabeba ilikuwa imechimbwa, imejazwa kokoto na kutandikwa mataruma na vibarua wa Kiafrika, wengi wao wakiwa wametolewa vijijini na kodi, maana aliyetakiwa kulipa kodi kwa fedha hakuwa na budi kwenda kuuza nguvu zake. Huko Kigoma, vibarua wa Kiafrika na mafundi wa Kihindi ndio waliobeba mabamba, waliowasha tanuri na waliogonga ribiti moja baada ya nyingine mpaka gamba la meli likakamilika. Mafundi watatu wa Papenburg wana majina katika vitabu. Mamia waliofanya kazi pamoja nao wamo katika neno moja tu: vibarua.

Huo ndio msingi wa kwanza wa hoja yetu. Fedha zilizolipia chuma cha meli zilitoka Ulaya, lakini kazi iliyokigeuza chuma hicho kuwa meli juu ya Ziwa Tanganyika ilikuwa kwa sehemu kubwa kazi ya watu wetu. Kusema kwamba Liemba ni kitu cha Wajerumani, hivyo hakituhusu, ni kurudia hesabu ya mkoloni, aliyehesabu mtaji wake na kusahau jasho la wengine.

Vita, Kuzamishwa na Kuibuliwa

Vita Kuu ya Kwanza ilianza mwezi Agosti 1914, meli ikiwa bado inaunganishwa. Iliteremshwa majini tarehe 5 Februari 1915 na kuanza kazi mwezi Juni mwaka huo. Badala ya kubeba mazao ikabeba askari na mizinga, mmoja wa mizinga hiyo ukiwa umetolewa katika manowari ya Königsberg iliyoangamia katika mto Rufiji. Kwa muda Wajerumani walikuwa mabwana wa ziwa lote, kuanzia Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, hadi Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga.

Waingereza walijibu kwa kuleta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, zilizovutwa nchi kavu kupita Kongo. Mwezi Desemba 1915 waliiteka meli ndogo ya Kijerumani ya Kingani, na mwezi Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Majeshi ya Wabelgiji yalipoikaribia Kigoma, Wajerumani waliamua kuizamisha Graf von Goetzen kwa mikono yao wenyewe. Mafundi waliipaka mitambo grisi nene ili isiliwe na kutu, na tarehe 26 Julai 1916 meli ikashushwa chini ya maji. Grisi ile inatueleza fikra zao: waliondoka wakitumaini kurudi.

Wakati huo huo vita vilikuwa vinapiganwa kwetu. Mwezi Novemba 1914 meli ya Kiingereza ya Sybil ilipanda mwamba Majita, upande wa Musoma, ikaachwa pale mpaka Waingereza walipokuja kuiopoa mwaka 1915. Katika Serengeti, Ngome ya Ikoma iliyojengwa na Wajerumani ilikuwa moja ya vituo vya kuishikilia nchi kati ya ziwa na mbuga. Mizinga ilikuwa ya mabeberu, lakini migongo iliyobeba risasi, mahindi na majeruhi ilikuwa ya Waafrika. Malaki walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi pande zote mbili, na wengi mno hawakurudi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi hao wa Kiingereza, na kila siku maelfu hulitamka bila kukumbuka asili yake.

Baada ya vita Wabelgiji waliiibua meli, lakini ikazama tena kwa dhoruba mwaka 1920. Waingereza, waliokabidhiwa Tanganyika na Shirika la Mataifa, waliiibua tena mwaka 1924. Mitambo na matangi ya mvuke yakakutwa bado yanafaa. Tarehe 16 Mei 1927 meli ilirudi kazini kwa jina jipya la Liemba, jina la ziwa ambalo Livingstone aliliandika kutoka kwa wenyeji wa upande wa kusini. Jina la gavana wa Maji Maji likafutika, na jina la wenyeji likapanda ubavuni mwa meli, ingawa walioliandika walikuwa wakoloni wengine.

Mwenye Chombo Akibadilika

Wapo wanaosema kwamba chombo kilichopikiwa samaki hakiachi kunuka vumba. Yaani, kilichoundwa kwa unyonyaji kitabaki kitu cha unyonyaji, na heri kivunjwe. Hoja hii ina sauti ya kimapinduzi, lakini haikubaliani na historia. Chombo hakina itikadi chenyewe. Kinachoamua ni nani anakimiliki, nani anapanga safari zake, na nani anafaidika na mzigo wake.

Chini ya Waingereza, Liemba ilikuwa ya shirika la reli, na ratiba yake ilifuata mahitaji ya biashara ya kikoloni. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 iliendelea kuwa chini ya shirika la pamoja la Afrika Mashariki, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 ikabaki mikononi mwa Shirika la Reli la Tanzania. Mwaka 1997 huduma za meli zilitenganishwa na reli, ikaundwa Kampuni ya Huduma za Meli yenye makao Mwanza. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 mitambo ya mvuke iliondolewa ikafungwa ya dizeli, na mwaka 1993 ikakarabatiwa tena kwa msaada wa Denmark. Taifa changa, lenye mahitaji mengi, liliamua zaidi ya mara moja kwamba meli hii itengenezwe wala isivunjwe.

Uamuzi huo ulizaa nini? Kutoka Kigoma hadi Kasanga na Mpulungu nchini Zambia, Liemba iliwahudumia watu wa vijiji ambavyo vingi havikuwa na gati wala barabara ya kuaminika. Ilisimama katikati ya maji, mitumbwi ikaizunguka, abiria wakapanda na kushuka na magunia ya dagaa, mahindi, mchele na mawese. Mama mwenye mapipa mawili ya mawese alikuwa na soko kwa sababu meli ilipita kijijini kwake. Huko ndiko kumilikiwa na umma kunakoonekana kwa macho: meli kusimama mahali ambapo mfanyabiashara wa kutafuta faida tu asingesimama.

Tena ikafika siku ya kuokoa watu. Mwaka 1997, baada ya utawala wa Mobutu kuanguka, Liemba pamoja na meli ya Mwongozo, ambayo jina lake linamkumbusha kila kada Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, zilirudisha makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Kongo nchini kwao. Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walirundikana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na maji, kipindupindu kikaingia kati yao. Liemba iliwachukua kwa mamia katika kila safari hadi Kigoma. Meli iliyoletwa kumsaidia bwana kuwashika watu, katika umri wa miaka 100, ikafanya kazi ya undugu wa Kiafrika. Anayetaka mfano wa jinsi nyenzo za ukoloni zinavyoweza kugeuzwa kwa faida ya watu hana haja ya kwenda mbali.

Hoja za Kuivunja

Mwishoni mwa miaka ya 2010 Liemba ilisimama kutoa huduma. Kila iliposimama, hoja za kuivunja zilisikika. Kada hana budi kuzijibu kwa sababu, wala si kwa jazba.

Hoja ya kwanza ni ya usalama, na ndiyo nzito kuliko zote. Taifa hili limezika watu wengi kwa sababu ya vyombo vya majini: MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, MV Spice Islander mwaka 2011, MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018. Hakuna thamani ya historia inayozidi uhai wa abiria mmoja. Meli isiyopita ukaguzi isibebe mtu hata kama ingekuwa na umri wa miaka 200. Lakini tuangalie vizuri misiba hiyo. Spice Islander na MV Nyerere zilikuwa zimepakia watu kupita kiasi kikubwa, na MV Nyerere ilikuwa na umri mdogo kuliko wengi wa abiria wake. Uzembe unaua ndani ya meli mpya kama ndani ya meli ya zamani. Dawa ya uzembe ni ukaguzi, idadi halali ya abiria na matengenezo kwa wakati. Kuvunja meli hakuondoi uzembe, kunauhamishia kwenye meli nyingine.

Hoja ya pili ni ya fedha. Inasemwa kwamba ukarabati ni ghali na meli haitarudisha gharama. Hapa lazima tuulize ni hesabu gani inayopigwa. Chuma chakavu hulipwa kwa kilo, na malipo hayo ni ya mara moja. Anayepiga hesabu ya kilo anahesabu kitu kimoja tu. Hahesabu magunia yatakayoozea kijijini meli isipopita. Hahesabu siku ambayo wakimbizi watafika tena na chombo hakipo. Hahesabu ustadi wa mafundi wa Kigoma waliojifunza kazi juu ya gamba lile, ustadi ambao hauuzwi kwa mizani. Wala hahesabu bei ya kuunda meli mpya kabisa kwenye ziwa lisilo na mlango wa kupitisha meli kutoka baharini. Hesabu kamili ikipigwa, huenda bado ikaonekana kwamba meli fulani haifai kutengenezwa. Basi na iwe hivyo, ila uamuzi uwe umetokana na hesabu kamili.

Hoja ya tatu husema kwamba kuhifadhi kitu cha mkoloni ni kumtukuza mkoloni. Kinyume chake ndicho kweli, ila kwa sharti kwamba sisi ndio tunaosimulia. Nje ya nchi yetu, meli hii inajulikana zaidi kwa sababu ya riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935 na filamu ya The African Queen ya mwaka 1951, ambamo mashujaa ni Wazungu na Afrika ni mandhari tu. Tukiivunja meli, simulizi hiyo itabaki peke yake, maana shahidi wa upande wetu atakuwa ameyeyushwa tanurini. Meli ikibaki, mtoto wa shule atasimama mbele yake na kuuliza nani aliibeba, nani aliigonga ribiti, na kwa nini iliitwa jina la mtu aliyeleta njaa kusini.

Katika miaka ya 2020 Serikali ilitia sahihi mkataba wa kuikarabati Liemba na wakandarasi kutoka Kroatia wakishirikiana na kampuni ya Kitanzania. Uamuzi huo ni sahihi, lakini kusaini mkataba ni hatua moja tu. Matengenezo ya kila mwaka, vipuri, mafundi vijana na nidhamu ya upakiaji ndivyo vitakavyoamua kama ukarabati huu utadumu, au kama baada ya miaka michache tutarudi katika swali lile lile.

Mafunzo kwa Mara

Kwetu mfano wa kufuata uko karibu. Meli ya Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ilisimama kwa miaka kadhaa, na watu wengi waliizungumza kama marehemu. Mwaka 2020 ilirudi majini pamoja na meli ya Butiama, baada ya ukarabati uliofanyika Mwanza kwa kandarasi ya Wakorea na mikono ya mafundi wa Kitanzania. Upande wa Kisumu, Usoga ya mwaka 1913 iliachwa ikazama nusu karibu na ufukwe. Njia zote mbili zimo katika ziwa letu moja, na tofauti yake ni uamuzi wa watu.

Lakini Mara ina hesabu nyingine ambazo hazijafungwa. Kiwanda cha nguo cha Musoma, MUTEX, kilikuwa mali ya umma na mashine zake zilikuwa jasho la wakulima wa pamba. Vinu vya kuchambua pamba vilivyosimama katika mkoa wetu navyo vilikuwa shule za ufundi. Mashine inaposimama, hatua ya kwanza ya kupotea kwake ni watu kuacha kuiita mashine na kuanza kuiita chuma. Neno likishabadilika, mizani haiko mbali. Vijana wetu wanaookota vyuma chakavu wanatafuta riziki, na si wa kulaumiwa. Wa kuulizwa ni viongozi waliopewa mali ya umma kuitunza, wakaiacha mpaka ikafanana na takataka.

Kwa hiyo kazi za makada wa Tarime na Serengeti ni hizi. Kwanza, kila tawi liorodheshe mitambo, majengo na mabaki ya kihistoria yaliyo katika eneo lake, pamoja na Ngome ya Ikoma, na kuyafikisha kwenye halmashauri. Pili, wazee waliofanya kazi katika meli, vinu na viwanda waandikwe majina yao na maelezo ya kazi yao wangali hai, ili tusirudie kosa la kuwa na majina matatu na vibarua mamia. Tatu, uuzaji wowote wa mali ya umma kama chakavu ujadiliwe katika vikao halali kabla ya winchi kufika.

Hitimisho

Liemba ilizaliwa kwa nia ya kuitawala nchi yetu. Ilizamishwa na mabwana wake wa kwanza, ikaibuliwa na wa pili, ikawa mali ya watu waliokuwa wamefanywa vibarua wake. Imeokolewa kila mara watu walipoiona thamani yake ya kazi, na ikawa hatarini kila mara walipouona uzito wake tu. Umma usiojua historia ya mali yake utauziwa mali hiyo na wengine. Umma unaoijua utaitengeneza, utaisimamia na kuitumia.

Maswali ya majadiliano katika matawi na vyuo

1. Eleza jinsi reli na meli zilivyotumika kuunganisha nchi za maziwa makuu na soko la kibeberu.
2. Je, kitu kilichoundwa kwa unyonyaji chaweza kuwa nyenzo ya maendeleo ya wananchi? Toa mifano kutoka wilaya yako.
3. Taja mtambo au jengo moja la umma lililoachwa bila kazi katika eneo lako. Nani alifanya kazi hapo, na nani aliamua kazi isimame?